Kazi ya Mshahara na Biashara Yako: Usiibie Moja Kulisha Nyingine

Yafuatayo ni maneno ya muuguzi mstaafu alipozungumza na wafanyakazi wa kaunti na wafanyabiashara wadogo mjini Migori.



Nimeombwa niwaeleze jinsi mtu anavyoweza kuajiriwa na papo hapo akaendesha biashara yake. Sheria nitaifikia baadaye. Kwanza nitawaambia habari za jioni moja.

Nilikuwa nimechukua mkopo nikanunua mashine ya kusaga unga. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeisimamia. Jioni hiyo nilikuwa nimeanza zamu ya usiku katika wodi ya kujifungulia. Simu ikalia: mkanda wa mashine umekatika, watu wamepanga foleni na debe zao, wengine wanataka kuondoka. Nikatoka nje kumtafuta fundi kwa simu. Huyu hapokei, yule yuko mbali. Nikakaa huko nje kama robo saa.

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akiita, "Sista! Sista!" Mimi sikumsikia. Aliyemsikia ni mwenzangu wa wodi ya jirani, akakimbia. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Mwenzangu hakunishtaki popote. Aliniambia tu, "Leo nimesikia mimi. Siku nyingine huenda asisikie mtu."

Ndugu zangu, unga wa watu kumi ulinifanya nimsahau mama mmoja. Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni: saa za mwajiri si zangu kuziuza. Ukizitumia kwa biashara yako, umemwibia mwananchi, hata kama hukugusa shilingi yake.

Wapo wanaouliza kama mtumishi wa umma anaruhusiwa kufanya biashara hata kidogo. Swali hili ni la zamani. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ambaye wakati huo alikuwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, ilitoa ripoti iliyowafungulia watumishi wa umma mlango wa kufanya biashara. Wengi walinunua mashamba na kufungua maduka. Lakini ubishi haukuisha, kwa sababu mlango huo waliupitia pia waliotumia ofisi kujitajirisha.

Ndiyo maana sheria ziliendelea kutungwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 77, inamkataza afisa wa Serikali anayefanya kazi ya kudumu kushiriki katika ajira nyingine ya kumletea faida. Hao ni viongozi kama magavana na mawaziri. Sisi wengine hatukufungiwa biashara, ila tumewekewa mipaka, na sasa iko Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, ambayo Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, inaisimamia.

Mgongano wa maslahi maana yake nini? Ni muuguzi anayemwambia mgonjwa dawa imekwisha, kisha anamwelekeza kwenye duka lake la dawa nje ya lango. Ni afisa wa kilimo anayesifu mbegu fulani kwa sababu yeye ndiye anayeiuza. Ni mkusanya ushuru wa soko ambaye kibanda cha mke wake hakitozwi. Na ni mfanyakazi anayeomba zabuni katika idara yake mwenyewe. Usiniambie umeandikisha kampuni kwa jina la ndugu yako. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inawaangalia jamaa pia.

Basi jiulize: je, mteja wangu dukani ndiye yule ninayemhudumia ofisini? Kama ndiye, tafuta biashara nyingine, au mweleze mkubwa wako kwa maandishi kabla hajaambiwa na watu.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi wetu huchagua biashara kwa kutazama faida ya jirani. Mimi nasema tazama saa zako kwanza. Omena ya Muhuru Bay ina soko zuri, lakini mnunuzi lazima awe ufuoni mashua zinaporudi alfajiri. Kama unatakiwa kazini saa mbili asubuhi huko Suna, utafika lini? Biashara ya Isebania nayo inataka mtu aliyepo, kwa maana bei hubadilika pamoja na shilingi ya Tanzania. Miwa ya Awendo ni mvumilivu zaidi. Hukaa shambani mwaka mzima na zaidi, nawe unaweza kupanga palizi siku zako za mapumziko. Ila usisahau kwamba pesa zake pia huchukua muda huo huo. Usikope mkopo wa kulipwa kila mwezi kwa zao linalolipa baada ya mwaka.

Hapo kwenye mikopo ndipo wengi wetu tumeumia. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima ibaki. Watu huiona theluthi hiyo kama ruhusa ya kukopa mpaka ukingoni. Mimi nilifika huko. Kwa miezi mingi mashine haikunilisha, mimi ndiye niliyeilisha. Anza na kile unachoweza kukipoteza na watoto bado wakaenda shule.

Yule mpwa wangu je? Nilisema ananiibia, na kweli pesa zilipotea. Lakini sikuwa nimempangia mshahara. Nilimwambia, "Wewe ni mtoto wangu, tutaonana." Kijana mwenye njaa anayeshika pesa siku nzima, asipolipwa atajilipa mwenyewe. Nilipoanza kumlipa kila mwisho wa wiki, nilimpa pia daftari. Kila debe inaandikwa. Jioni nalinganisha debe zilizosagwa na umeme uliotumika siku hiyo. Nilishajua kwa kupima kwamba debe kadhaa hula umeme kiasi fulani. Hesabu zisipolingana, tunaulizana siku hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu. Tuliacha kugombana.

Pesa za biashara ziwe na namba yake ya malipo, mbali na simu yako ya nyumbani. Nawe ujiwekee kiasi cha kuchukua, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Lipia leseni ya kaunti. Ushuru pia haufichiki: kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, mauzo yakiwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, unalipa asilimia fulani ya mauzo, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na unapojaza taarifa ya mwaka ya KRA kabla ya Juni 30 kwisha, usiandike mshahara peke yake ukanyamaza juu ya duka.

Mtaniuliza kama ilifaa. Nilistaafu nikiwa na miaka 60. Kati ya mshahara wa mwisho na malipo ya kwanza ya uzeeni kulikuwa na miezi ya kungoja. Miezi hiyo yote tulikula kwa mashine ile. Sikukopa kwa jirani.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sibishani nao, mimi iliniponyoka kwa robo saa. Lakini mkulima wa kwetu hupanda mahindi na maharagwe katika shamba moja, kila kimoja kwa mstari wake, na huvuna vyote. Wekeni mistari. Saa za kazi ziwe za kazi, na pesa za duka ziwe za duka. Kisha mkiwa zamu, zimeni simu ya biashara. Mkanda ukikatika, utafungwa kesho. Mama anayeita wodini hawezi kungoja kesho.