GOA AU BAGAMOYO? MANENO JUU YA SAFARI YETU YA PWANI

(Hotuba ya mjumbe wa kamati ya safari mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ngokolo, Shinyanga)



Mkutano uliopita ulikata shauri kwamba chama chetu kifanye safari moja kubwa ya mapumziko, wanachama pamoja na wenzi wao, na kwamba iwe safari ya kwenda kuona bahari. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza pale wenzetu wakaao Dar es Salaam walipotoa wazo la kwenda Goa, huko Bara Hindi, mwezi wa Desemba. Kamati ikanipa kazi ya kulichunguza wazo hilo. Nasema mapema kwamba siliungi mkono, ingawa si wazo la kuchekwa.

Goa tuipe haki yake. Ni jimbo dogo kuliko yote ya India kwa eneo, liko pwani ya magharibi, na linatazamana na bahari ile ile inayopiga Bagamoyo na Kilwa. Wareno waliuteka mji wake mwaka 1510, wakakaa katika nchi hiyo mpaka Desemba 1961, majeshi ya India yalipowatoa. Tena Wagoa si wageni kwetu. Walikuja Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wakiwa mafundi cherehani, makarani, wapishi na wapiga muziki. Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 na kuuawa mji huo huo mwaka 1965, alikuwa mtoto wa Kigoa; alipigania uhuru wa Kenya, na pia alishughulika na kuikomboa Goa kutoka kwa Wareno. Wenzangu Wakatoliki wa hapa Ngokolo watapenda kujua kwamba mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri umehifadhiwa huko, katika Basilika ya Bom Jesus. Akiwa njiani alipitia Msumbiji na Malindi, akafika Goa mwezi Mei 1542.

Liko na jambo jingine ambalo baadhi yenu mlikwisha kulisikia kabla yangu. Watu wa Goa hutengeneza kinywaji kikali cha mabibo kiitwacho feni, na huuzwa dukani, hadharani, kwa halali. Nashuku kwamba kura kadhaa za mwaka jana zilitokana na feni.

Kufika kunawezekana. Shirika letu la ndege lilianza safari za Mumbai mwaka 2019, na toka Mumbai kuna reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998, inayoshuka kando ya pwani mpaka Goa. Mtu ahitaji pasi, viza na fedha. Kwa hiyo mimi sibishani na umbali. Ninabishana na upepo.

Ndugu zangu, upepo ule ule unaotawala pwani yetu ndio unaotawala pwani yao, lakini matokeo yake ni kinyume. Kuanzia Mei hivi mpaka Septemba pwani yetu huvuma kusi. Masika yamekwisha, jua si kali, usiku kuna baridi kidogo. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri ya kutembelea pwani. Kusi huyo akishavuka ikweta hupinda, hupita juu ya Bahari ya Arabia akizoa maji, kisha huenda kugonga milima iliyo nyuma ya Goa na kumwaga mvua yote hapo. Goa hupata kadiri ya milimeta 3,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Sisi hapa hatupati hata theluthi moja ya hizo. Miezi hiyo bahari yao huchafuka, kuogelea ni hatari, na vibanda vya ufukweni hung'olewa. Wanaokwenda kustarehe Goa huenda Novemba mpaka Februari.

Sasa tujiulize, Novemba mpaka Februari sisi tuko wapi?

Tuko shambani. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, palizi yafuata, na mwenye majaruba ya mpunga huwa ndani ya matope Januari. Mwenzetu mwenye mshahara au duka anaweza kuomba likizo ya Krismasi. Mwenzetu wa Kishapu au Maswa, ambaye mvua ya kwanza ikimpita mwaka wake umepotea, anaomba likizo kwa nani? Na fedha yake iko wapi mwezi huo? Desemba mkulima amekwisha kununua mbegu na dawa, ghala linapungua, na ada za Januari zinamtazama. Fedha yake huja baada ya pamba kuanza kununuliwa mwezi Mei, na mpunga ukishavunwa.

Kwa hiyo, tukichagua Goa hatuchagui mahali tu. Tunachagua pia nani aende. Tulikaa bweni moja, tukala ugali wa sufuria moja, na wapo kati yetu waliopata miaka 70 bila kuona bahari kwa macho yao. Siwezi kusimama hapa nikapendekeza safari ya chama ambayo hao ndio watakaobaki kututumia salamu za safari njema.

Kamati inapendekeza Julai, kwa njia hii. Tutoke Shinyanga kwa basi mpaka Dodoma, tulale. Kutoka Dodoma tupande treni ya umeme, iliyoanza kufika huko Julai 2024, na kwa saa nne hivi tuko Dar es Salaam. Wazee wa migongo watanishukuru. Halafu Bagamoyo, kilometa 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, siku tatu. Nasisitiza Bagamoyo kwa sababu babu zetu Wasukuma na Wanyamwezi walifika pale kwa miguu, na pembe za ndovu mabegani, wakitembea kwa miezi. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa pale mwaka 1868, na mwili wa Livingstone ulipitishwa hapo mwaka 1874, ukiwa umebebwa na Waafrika toka bara. Mtu wa Shinyanga akifika Bagamoyo yuko ndani ya historia yake mwenyewe.

Kisha boti ya Zanzibar, siku mbili au tatu. Kila mtu achukue kitambulisho. Julai wageni wa Ulaya ni wengi na hoteli hupanda bei, basi tuandikishe vyumba mapema, na tuulize bei ya wakaaji wa nchi. Asiyeuliza hutozwa ya mgeni.

Jambo moja wengi hawalijui ni kupwa na kujaa. Sisi tulijifunza kuogelea kwenye lambo, ambalo maji yake hayaendi popote. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kadiri ya dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua: Zanzibar tofauti ya maji huweza kukaribia mita 4, na huko Paje na Jambiani bahari hurudi mbali mpaka mgeni akadhani imehama. Saa hizo akina mama huingia kwenye mashamba yao ya mwani. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na hayaendi mbali. Kwa kuwa wengi wetu si waogeleaji, tuchague juma la mwezi nusu, na tukae upande wa magharibi, maana mashariki kusi hupiga moja kwa moja.

Juu ya fedha, nanyi mnajua ngitili. Malisho hufungwa wakati wa mvua, majani yakiwa tele, yakafunguliwa kiangazi nje kukiwa kumekauka. Tufunge ngitili ya safari: kila mmoja atoe kwa mweka hazina anapouza pamba au mpunga wake mwaka huu, na wenye mishahara watoe kila mwezi, isiguswe mpaka Julai ya mwaka ujao. Harusi isiguse. Hata msiba usiguse. Wa msiba tuna mfuko wake.

Wenzetu wanaotaka Goa, chama hakiwazuii kwenda Desemba kwa nauli zao, na tutafurahi wakituletea picha, na hata chupa. Ila jina la chama na fedha ya chama viende Julai.

Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo hoja ya kamati, naomba ipigiwe kura kabla ya chakula. Daftari la majina liko kwa mweka hazina, pale chini ya mwarobaini.