Redio Zilizopelekwa Juu

Mwanzo wa enzi ya anga kwa kawaida husimuliwa kama mbio za wakubwa wawili. Wasovieti walirusha Sputnik 1 tarehe 4 Oktoba 1957, Wamarekani wakafuata Januari 1958, na kila upande ukajisifu kwa kutangulia au kwa uzito wa mzigo wake. Si uongo, ila simulizi hiyo inaficha kilichokuwa na thamani. Hoja yangu leo ni kwamba setilaiti za mwanzo zilikuwa, kabla ya lolote jingine, redio zilizopelekwa juu, na faida ya kila moja ilitokana na kile ilichotuma na watu walioweza kukipokea. Kutangulia na uzito vinafuata nyuma sana.

Tuanze na Sputnik yenyewe, ambayo wala haikuwa mpango wa awali. Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa roketi za Kisovieti, alikusudia kurusha maabara nzito iliyosheheni vipimo vya kisayansi. Maabara ilipochelewa, naye akihofia kutanguliwa, aliomba ruhusa ya kurusha kitu chepesi: tufe la metali nyepesi lenye upana wa sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6, ndani yake mkiwa na betri, feni ya kupoza na mtambo wa redio, na nje antena nne. Mtambo ule ulipiga mlio katika masafa mawili, megahezi 20.005 na megahezi 40.002, na hapo ndipo penye siri. Wanasayansi wa kimataifa walikuwa wamekubaliana kwamba setilaiti zitumie megahezi 108, ambazo zilihitaji mitambo maalumu ya kupokelea. Wasovieti wakachagua masafa ya chini, yaliyonaswa na redio ambazo wapenzi wa mawasiliano tayari walikuwa nazo majumbani, na wakayatangaza mapema katika jarida lao. Kwa takriban wiki tatu, hadi betri zilipokwisha, mlio ule ulisikika pande zote za dunia. Kuona ni habari nyingine: wengi waliodhani wameiona Sputnik ikikatiza usiku waliona roketi iliyoibeba, kwa kuwa tufe lenyewe lilikuwa dogo mno.

Je, mlio mtupu una elimu gani? Waulize William Guier na George Weiffenbach, wanafizikia wawili vijana wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Walipoisikiliza Sputnik waligundua kwamba sauti yake ilikuwa juu zaidi ilipokuwa inakaribia na chini zaidi ilipokuwa inaondoka, kama honi ya lori linalokupita barabarani. Kwa kupima mabadiliko hayo tu, waliweza kukokotoa njia nzima ya setilaiti wakiwa sehemu moja ya ardhi. Kisha mkuu wao, Frank McClure, akaligeuza swali. Kama msikilizaji anayejua alipo anaweza kujua setilaiti iko wapi, basi msikilizaji anayejua setilaiti iko wapi anaweza kujua yeye mwenyewe yuko wapi. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mfumo wa Transit, uliozionyesha nyambizi za Marekani mahali zilipo baharini, na ambao ni mtangulizi wa mifumo inayoiongoza simu yako mitaani leo. Yote hayo yalitoka kwenye tufe lisilobeba chombo chochote cha utafiti.

Mtu atapinga: Sputnik ilikuwa propaganda, na roketi yake, R-7, ilibuniwa kuwa kombora la kubeba bomu la nyuklia hadi Marekani. Ni kweli tupu, sina sababu ya kulipamba jambo hilo. Lakini propaganda isiyosikika haina kazi, kwa hiyo nia ileile ya kujitapa ndiyo iliyowalazimu Wasovieti kuuacha mlio wazi kwa kila sikio. Walitaka dunia ishangae. Baadhi ya wasikilizaji wakachukua kalamu na kupiga hesabu. Aliyetuma hakuwa na uwezo wa kuamua mpokeaji atajifunza nini.

Mwingine atasema kwamba setilaiti nzito yenye vyombo vingi lazima iishinde nyepesi. Mwaka 1958 ulitoa jibu. Explorer 1 ya Marekani, yenye uzito wa kilo 14 hivi, ilibeba kifaa cha kuhesabu mionzi kilichoandaliwa na mwanafizikia James Van Allen. Kilipofika juu sana kikaonyesha sifuri. Zaidi ya hapo, taarifa zake zilipokelewa vipandevipande tu, ilipopita juu ya kituo cha kupokelea. Explorer 3, iliyorushwa mwezi Machi, iliongezewa kinasa cha utepe kilichohifadhi vipimo vya mzunguko mzima na kuvituma kwa mkupuo. Hapo ikaeleweka kwamba ile sifuri ilitokana na mionzi kuzidi mno hadi kifaa kikalemewa. Dunia imezungukwa na mikanda ya mionzi. Mwezi Mei Wasovieti wakarusha ile maabara yao iliyochelewa, ikiitwa sasa Sputnik 3, yenye uzito wa kilo 1,327, na kinasa chake kikakataa kufanya kazi. Ilibeba vipimo vingi kuliko mtangulizi wake yeyote, ila sehemu kubwa ya mambo iliyoyapima haikufika chini.

Mikanda hiyo inatuleta hadi pwani ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kwa nini Malindi? Ikweta huipa roketi msukumo wa ziada kutokana na mzunguko wa dunia. Pia, setilaiti inayozunguka chini juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya mionzi ya mikanda ile, ambayo ingevivuruga vipimo vyake. Wapo wanaosema Kenya ilitoa mahali tu. Naam, vyombo vilikuwa vya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano, na sioni haja ya kudai zaidi. Lakini mahali palikuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Kabla yake, eksirei za angani zilichunguzwa hasa kwa roketi zilizokaa juu dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilituma taarifa hadi mwaka 1973, na kutokana nazo wanasayansi wakaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilimemeta upesi kiasi kwamba hakingeweza kuwa kitu kikubwa, na leo wataalamu wanakubali kwamba ni shimo jeusi.