Somo la Leo: Kusimama na Kusema Mkutanoni

    Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutaanza na kinywa. Kalamu tutaihitaji baadaye.

Pengine utauliza, "Mwalimu, kusema nani asiyejua?" Ni kweli. Sokoni Tandika hakuna akushindaye kupatana bei ya nyanya. Lakini mwenyekiti wa mtaa anapouliza, "Nani ana neno?", ulimi huwa mzito kama jiwe. Kwa nini?

Tuchukue mfano. Yupo mama mmoja, muuza vitumbua, mpangaji wa chumba kimoja Tandale. Mtaro ulio mbele ya nyumba yao umejaa taka. Kila masika, Machi hadi Mei, maji machafu humwingilia chumbani. Sasa mkutano wa mtaa umeitishwa ili kuamua mtaro upi uzibuliwe kwanza. Mama amekaa nyuma kabisa. Anajiambia moyoni, "Mimi mpangaji tu, tena sikusoma." Basi ananyamaza. Wengine wanasimama na kuutaja mtaro wao, na mtaro wao unaandikwa. Masika inafika, na mama anakesha akichota maji kwa ndoo, watoto wamepanda juu ya kitanda.

Msikilizaji, hakuna aliyemwonea mama huyu. Shida yake haikujulikana mkutanoni, kwa kuwa mwenye shida hakuisema.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua haki yako. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Si wa wenye nyumba peke yao, wala si wa wenye vyeti vya shule. Mpangaji naye ni mkazi.

Jambo la pili ni kuijua hofu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na mate kukauka si dalili za ujinga. Mwili unajiandaa tu, kama ujiandaavyo ukikutana na nyoka njiani. Kabla hujanyosha mkono, vuta pumzi polepole kwa pua, kisha itoe polepole zaidi. Fanya hivyo mara tatu. Ukisimama, kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Tafuta uso mmoja wa mtu unayemfahamu, uanze kumwambia yeye. Hofu haitaondoka yote, lakini itapungua, nawe utaweza kusema ingalipo.

Sasa tumtazame mtu wa mji wetu huu. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Masomo yake yalikuwa machache, ya shule ya msingi tu. Lakini alikuwa mwimbaji hodari katika kikundi cha ngoma cha akina mama. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuundwa, alikuwa kiongozi wa wanawake wa chama hicho. Alianza wapi kazi yake? Alianza kwa akina mama wa vikundi vya ngoma, watu waliomjua na aliowajua. Baadaye alizunguka nchi akihutubia mikutano mikubwa pamoja na Mwalimu Nyerere, mpaka Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya katikati ya mji inaitwa kwa jina lake.

Tunajifunza nini hapo? Sauti iliyosikika katika siasa ilikuwa imekwisha zoezwa katika ngoma. Wewe nawe una mahali ulipozoea kusema: kwenye mchezo wa upatu, msibani, kijiweni, jikoni pa harusi. Anzia hapo. Ukiweza kuwaeleza wenzako kumi wa upatu jambo likaeleweka, utaweza kuwaeleza watu mia wa mtaa.

Jambo la tatu ni kupanga maneno. Msikilize kwanza msemaji huyu: "Jamani, mimi naona mambo ya mtaa huu si mazuri, tunateseka tangu zamani, viongozi hawatujali, hata sijui tufanyeje." Amesema kwa uchungu, na uchungu wake ni wa haki. Lakini mwenyekiti ataandika nini? Hana la kuandika.

Sasa chukueni kalamu zenu. Andikeni maneno matatu tu: MAJI, MTARO, MAJEMBE. Neno la kwanza ni shida yako. La pili ni ombi lako. La tatu ni mchango wako. Karatasi hiyo ndogo ishike mkononi. Ukisahau, itazame. Haya, msikilize mama yetu wa vitumbua akiitumia:

"Bwana Mwenyekiti, na ndugu zangu wote, hamjambo. Mimi ni mkazi wa nyumba iliyo nyuma ya msikiti. Masika iliyopita maji yaliingia vyumba vinne, na watoto wawili wakaugua kuhara. Naomba mtaro wetu uzibuliwe kabla ya mwezi wa tatu. Sisi wa nyumba ile tutatoa watu sita wenye majembe siku ya Jumamosi. Ahsanteni."

Je, mmeona? Hotuba hiyo haitimizi hata dakika moja. Ina mahali, ina hesabu, ina siku. Hakumtukana mtu, wala hakujidharau kwa kusema, "Samahanini, mimi si msemaji."

Jambo la nne ni sauti. Usipige kelele, mpelekee maneno mtu aliyekaa mbali kuliko wote. Sema polepole kuliko unavyosema nyumbani. Ukimaliza jambo moja, nyamaza kidogo, watu walimeze. Kikiwapo kipaza sauti, usikimeze. Kiweke mbali na midomo kwa kadiri ya kiganja.

Jambo la tano wengi hulisahau, nalo lawahusu hasa ninyi mliojifunza kusoma. Neno lililosemwa lisipoandikwa hupotea. Kabla hujakaa, sema kwa adabu, "Naomba ombi langu liingie katika muhtasari." Katika mkutano ufuatao, muhtasari ukisomwa, sikiliza kama limo. Omba uutazame kwa macho yako. Huenda usipate ulichoomba safari ya kwanza. Lakini jambo lililoandikwa unaweza kuliuliza tena, na hakuna atakayekujibu kwamba halikusemwa.

Kazi ya juma hili ifanyeni kwa kikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa nchi hii walikusanyika kwenye redio kwa vikundi, wakasikiliza somo, kisha wakajadiliana cha kufanya ili kuondoa maradhi. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Kila mmoja achague shida moja ya kweli ya mtaa wake, aandike maneno matatu, kisha asimame aseme kwa dakika moja. Wenzake wasimcheke wala wasimkate. Akimaliza, wamjibu maswali haya:

1. Shida yake ni ipi, na iko wapi?
2. Anaomba nini, na lini?
3. Yeye mwenyewe atatoa nini?

Wakishindwa kujibu hata moja, arudie. Wakijibu yote matatu, yu tayari kwa mkutano.

Ulizeni mkutano wa mtaa wenu utakuwa siku gani. Siku hiyo ikifika, msikae nyuma. Kwaherini, hata somo lijalo.