Hesabu Gharama Kabla ya Kuitoa Hati

  Leo twataka kuzungumza juu ya karatasi ile inayokaa chini kabisa ya sanduku, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa. Ni hati ya shamba, au ya ploti yenye nyumba.

Katika sura ya 5 ya kitabu cha Nehemia twasikia kilio cha watu walioshikwa na njaa. Waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Waliowakopesha hawakuwa wageni, bali ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika sana, akawataka wakopeshaji warudishe mali ile na waache kutoza riba. Basi jambo hili si geni duniani.

Hatusemi kwamba kukopa ni dhambi. Nyumba isiyo na deni ni akiba, na mtu aweza kuikopea kwa kusudi jema. Lakini mkopo una bei yake, kama vile unga na sukari vilivyo na bei. Mbona twauliza bei ya kibaba cha unga, na bei ya mkopo hatuulizi?

Sisi wenyewe, mume na mke, tulifika mlango huo. Karo ilikuwa imetubana, na nyumba ilitaka mabati mapya. Tuliomba shilingi 600,000 kwa miaka 5. Mkopeshaji alituambia riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Kalamu ilikuwa mkononi tayari, ndipo mama watoto alipouliza kwa upole, "Baba, hiyo 12 inahesabiwa juu ya pesa zipi? Ni zile zote tulizopewa, au zile tutakazobaki tukidaiwa?" Karani alijibu kwamba ni zote, kila mwaka, mpaka mwisho.

Sikieni hesabu yake, wapenzi. Riba ya asilimia 12 juu ya 600,000 ni 72,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni 360,000. Lakini riba ya 12 ile ile ikihesabiwa juu ya deni lililobaki tu, na ukilipa kila mwezi bila kukosa, jumla ya riba ni karibu 200,800. Tofauti yake yapita shilingi 159,000! Namba iliyotajwa ni moja, mzigo ni mbalimbali.

Tulirudi nyumbani bila kutia sahihi. Usiku ule tulikaa mezani na daftari, tukajiuliza ni haja ipi isiyoweza kungoja. Karo haikungoja, mabati yalingoja. Mwishowe tulikopa 300,000 kwingine, riba ikiwa juu ya deni lililobaki, tukalipa kwa miaka 3. Mvua ilitunyeshea msimu mmoja zaidi, na tuliweka masufuria chini ya matone. Lakini hati imerudi sandukuni.

Basi, ndugu, ukitaka kupunguza gharama, fanya haya. Kwanza, kopa kiasi cha haja yako, si kiasi ambacho nyumba yaweza kubeba. Pili, fupisha miaka kadiri ya uwezo wako. Ile 600,000 ikilipwa kwa miaka 3 badala ya 5, riba yashuka kutoka 200,800 mpaka karibu 117,400, ingawa malipo ya kila mwezi yapanda kutoka kama 13,350 mpaka kama 19,930. Tatu, uliza gharama zote ziandikwe mahali pamoja: ada ya mkopo, mthamini, wakili, bima, na ushuru wa stempu, ambao kwa rehani ni shilingi 1 kwa kila 1,000. Nne, uliza kama kuna faini ukilipa mapema, na kama riba yaweza kupandishwa. Kisha nenda kwa wakopeshaji wawili au watatu, ulinganishe jumla na jumla.

Tena, mzee, usilifanye jambo hili gizani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila sahihi au kibali cha mwenzako. Na shamba la kilimo lililo chini ya bodi ya ardhi lahitaji idhini ya bodi hiyo. Watu wengine huona haya kama usumbufu. Sisi twaona ni ukuta wa kuwalinda watoto.

Na wewe ambaye tayari umechelewa kulipa, usijifiche. Ukikaa mwezi mmoja bila kulipa, mkopeshaji aweza kukupa ilani ya miezi isiyopungua 3. Ikiisha, lazima akupe ilani nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40. Siku hizo umepewa ili uende ukazungumze, uombe malipo yapangwe upya, au uuze kipande wewe mwenyewe kwa bei nzuri kabla ya mnada. Tena tangu mwaka 2007, benki ikiwa na mkopo ulioshindikana, hairuhusiwi kudai riba inayozidi lile deni la msingi lililokuwa limebaki mkopo uliposhindikana. Mwulize wakili juu ya jambo hilo.

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Jioni ya leo, ketini pamoja, baba na mama, mkiwa na kalamu na daftari. Fungueni kile kitambaa, mwitazame hati ile, mkumbuke ni nani watakaolala chini ya paa lile.

Mungu awabariki. Kwaherini.