Kizuri Chajiuza kwa Aliyekiona
Hotuba iliyotolewa katika sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Tumetakiwa tueleze njia ya kazi yetu, yaani kutangaza mali za watu na kuzitafutia wanunuzi, tukilipwa kwa kila kazi, pasipo kuwa watumishi wa mwajiri yeyote.

Tuliianza katika chumba kimoja huko Njiro, baada ya kuacha kazi ya mshahara. Wazee wetu walishangaa sana. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika mabango ya kikundi cha wakulima kwa maonyesho ya Nane Nane, katika viwanja vya Themi. Malipo yalikuwa madogo, lakini mtu mmoja aliyeyasoma mabango yale alitupa kazi ya pili. Ndivyo njia hii ilivyo: kazi njema huzaa nyingine, na kati yake ipo miezi mikavu. Mkulima wa kahawa ataielewa habari hii, kwani naye hungoja msimu.

Hapana budi tukiri kosa letu. Chama kimoja cha msingi kilitutaka tuandike kwamba kahawa yake yote huchumwa ikiwa mbivu, nyekundu tupu. Tuliandika tukiwa mezani Njiro, bila kufika shambani. Mnunuzi alipokuja kujionea, alikuta matunda mabichi yamechanganywa na mekundu penye mashine ya kumenyea. Akaondoka bila kununua. Sisi tulikuwa tumekwisha kulipwa. Waliopata hasara ni wakulima, hata wale waliochuma kwa uangalifu. Tangu siku ile hatuandiki neno juu ya kahawa ambayo hatujaiona ikichumwa, ikimenywa, ikioshwa na kuanikwa.

Hapa Meru tunao mfano bora wa mtu aliyetumwa kusema. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, kwa fedha walizochanga Wameru, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Maneno yake hayakuirudisha ardhi papo hapo, walakini ulimwengu ulisikia. Hakuhitaji kuyapamba, alieleza yaliyowapata watu waliomtuma.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengine hutuuliza, basi mtangazaji ni wa nini? Jibu letu ni hili: kizuri chajiuza kwa aliyekiona. Mnunuzi aliye ng'ambo hajaliona shamba lako. Hana budi kuambiwa, na mwambiaji awe mkweli. Siku hizi uongo haufiki mbali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yataka mahali pa kila shamba pajulikane, ili ithibitike kwamba kahawa haikutoka penye msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020.

Kwa hiyo twawaomba viongozi mambo matatu. Kwanza, mtangazaji apelekwe shambani kabla ya kushika kalamu. Pili, mapatano yaandikwe, na malipo yatolewe siku iliyotajwa. Tatu, mashine mbovu itengenezwe kabla ya kulipia tangazo. Hakuna maneno yatakayoisafisha kahawa iliyochacha.

Nanyi vijana mnaotamani kazi hii, jifunzeni kwanza kupanga kahawa kwa madaraja na kuionja, kisha ndipo mjifunze kuisifu. Mtu asiyeijua mali hawezi kuisemea.

Miaka kumi imekipa Chama hiki jina jema. Jina hilo ni akiba ya wanachama wote, nasi tuliokodiwa kulitangaza hatuna ruhusa ya kulitapanya.

Chama kidumu.