Jukwaa Likivunjwa Usishangilie, Uliza Hati Iko Wapi

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Mpanda. Wengi mliomba niyaweke hapa, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

Vijana wenzangu wa Kashaulili, Makanyagio, Nsemulwa, Kawajense, na ninyi mliotoka mbali kwa bodaboda, sitawachelewesha.

Nianze na swali. Nani anajua uwanja ambao Mtanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500? Naona mikono miwili tu. Ulikuwa Christchurch, New Zealand. Tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alichomoka mbele tangu bunduki ilipolia na hakuna aliyempata mpaka mwisho. Dakika 3, sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alimfuata kwa karibu, Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Rekodi ile ya mashindano ya Jumuiya ya Madola ilikaa miaka 48, ikaja kuvunjwa Birmingham mwaka 2022.

Sasa uwanja wenyewe haupo. Uliitwa Queen Elizabeth II Park. Tetemeko la tarehe 22 Februari 2011 liliuharibu, na mwaka uliofuata majukwaa yakaanza kuvunjwa. Mahali walipokaa watu siku ile wakimshangilia kijana wa Karatu, mitambo ikapita.

Watu wa kule iliwauma. Lakini wakazi wa upande ule wa mji hawakuishia kulia. Walipaza sauti kwamba huduma za michezo zisihamishwe zikawaacha wao mikono mitupu. Mwaka 2018 wakafunguliwa kituo kipya cha michezo na mabwawa ya kuogelea palepale, shule mbili zikahamia kwenye eneo hilo, na mji ukapata njia mpya ya riadha sehemu nyingine. Jukwaa lilikufa, ardhi ikabaki ya umma.

Tusogee karibu, Kenya. Iten kuna uwanja unaitwa Kamariny, juu kabisa, mita zaidi ya 2,300 kutoka usawa wa bahari. Njia yake ilikuwa ya udongo, haina fahari yoyote, lakini mabingwa wa dunia wamepita pale kwa miaka mingi. Mwaka 2013 wakati wa uchaguzi waliahidiwa viwanja vipya vya kimataifa. Baadaye Kamariny ukafungwa ili ujengwe upya, uwanja ukachimbwa. Kisha kazi ikasimama. Miaka ikapita, wanariadha wakabaki kukimbia barabarani na kutafuta njia za kuazima. Hapo hakukuwa na tetemeko la ardhi. Kulikuwa na ahadi ya kampeni na mkataba ambao mwananchi wa kawaida hakuuona.

Kwa nini nawaambia haya Mpanda, ambako hata jukwaa la kuvunjwa hatuna la maana? Kwa sababu ya kitu ninachokiona kwenye simu zenu.

Kila Bodi ya Ligi inapofungia uwanja kwa ubovu, na uwanja ukiwa ni ule unaomilikiwa na chama tawala, vijana wetu mnacheka. "Bora livunjwe lote." "Life tu, si lao?" Mimi pia niliwahi kuandika hivyo, sikatai. Siku moja mzee wangu akaniuliza, "Unacheka kitu cha nani?"

Mzee alilima tumbaku. Enzi zao Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, Katavi haijazaliwa, imekuja 2012. Akaniambia walichangia kila kitu: shule, zahanati, uwanja, ofisi. Wengine walitoa pesa, wengine nguvu kazi, wengine walikatwa kwenye mauzo bila kuulizwa. Kadi ya chama ilikuwa moja nchi nzima, hivyo ukichangia chama ulihesabiwa umechangia taifa. Huyo ni baba yangu, na wazee wenu wana habari kama hiyo.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, lakini viwanja havikurudi kwa wananchi. Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Jamhuri Dodoma, Majimaji Songea, Lake Tanganyika Kigoma, na hapo kwa jirani zetu Sumbawanga, Nelson Mandela. Vyote vimebaki mali ya CCM. Hii si siri, wala si tusi.

Kwa hiyo ukishangilia jukwaa la uwanja kama huo kuoza, unashangilia jasho la mzee wako kuoza. Halafu unampa mwenye hati sababu nzuri ya kusema: jamani limechakaa, tuvunje, tuweke fremu za maduka. Utafanya nini siku hiyo? Si wewe uliyeandika bora livunjwe?

Msimamo wangu, na naomba uwe wetu: hatutaki viwanja vivunjwe kwa chuki, tunataka virudi kwenye halmashauri, vihesabiwe, vikaguliwe na CAG kama mali nyingine ya umma. Na popote pakitajwa kubomoa, tuulize mambo matatu kabla ya tingatinga kuwashwa. Hati ina jina la nani? Pesa ya kujenga ipo au ni ahadi? Wanamichezo watakimbilia wapi wakati wa ujenzi? Watu wa Iten wanajua gharama ya kutopata jibu la hilo la tatu.

Maana riadha ndiyo inaumia kimyakimya. Medali zetu mbili tu za Olimpiki ni za riadha, Moscow 1980, Bayi na Suleiman Nyambui. Septemba 2025 Alphonce Simbu, mtoto wa Singida, akatwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, ya kwanza kwa nchi hii. Alimshinda Mjerumani kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde, mpaka ikabidi picha itazamwe. Nikiwa sekondari nilikimbia mita 1500 UMISSETA, njia imechorwa kwa majivu, kona moja imekatwa na mti wa mwembe. Muda niliopata sijui hata leo ulikuwa wa umbali gani.

Basi tusingoje kushika dola ndipo tuanze. Njia ya mita 400 haihitaji mkopo wa benki. Unahitaji eneo la wazi la kama mita 177 kwa 93. Unapigilia vigingi viwili, kati yake mita 84.39. Kwenye kila kigingi unafunga kamba ya mita 36.5 na kuzunguka nusu duara. Unaunganisha pande mbili, tayari. Chokaa juu.

Jumamosi saa moja asubuhi, kwa ruhusa ya mwenye eneo, tunapima moja. Njooni na majembe, na msivae sare za chama, watoto watakaokimbia pale ni wa vyama vyote. Jumatatu yake tunapeleka barua halmashauri, tunaomba orodha ya viwanja vyote vya wazi vya manispaa na hati zake. Wakitupa, tutaisoma hapa. Wasipotupa, tutasema hapa kwamba tuliomba na hatukupewa.

Katibu ana karatasi ya majina. Anayekuja Jumamosi ajiandikishe kabla hajatoka.