MANUKATO YA WAKATI WA KIPUPWE



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za manukato yafaayo wakati wa kipupwe. Huenda mtu akacheka akasema, "Unguja kuna baridi gani hata itafutiwe manukato yake?" Ni kweli kwamba kwetu theluji haianguki. Hata katika Julai na Agosti, alfajiri ya baridi kwetu ni yapata digrii 21 au 22 za Selsiasi, na mgeni atokaye Ulaya huiona kuwa ni hali ya kupunga hewa tu. Lakini mwili hupima baridi kwa mazoea yake. Aliyezoea joto la kaskazi, upepo wa kusi unapovuma usiku juu ya kilima cha Kidichi, hutafuta shuka la pili, hufunga dirisha, na hupenda nyumba yake inukie harufu nzito yenye kuburudisha moyo. Nitasema mambo matatu: kwanza, sababu ya harufu moja kufaa wakati wa joto na nyingine wakati wa baridi, pili, namna ya kuchagua na kutumia, tatu, hatari iliyojificha katika chetezo, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niseme nanyi leo.

Harufu ni kitu, wala si kivuli cha kitu. Ukinusa karafuu, chembe ndogo mno zisizoonekana zimetoka katika karafuu ile, zikaruka hewani, zikaingia puani mwako. Joto huzisaidia chembe hizo kuruka, na baridi huzizuia. Tena chembe hazilingani. Nyingine ni nyepesi, huruka mara na kupotea mara. Nyingine ni nzito, hutoka polepole na kukaa muda mrefu. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili bila ya gharama. Wekeni asubuhi juu ya sahani tatu ganda bichi la ndimu, maua ya asumini, na karafuu zilizopondwa kidogo. Nuseni adhuhuri, kisha nuseni jioni. Ganda la ndimu litakuwa limekwisha nguvu, asumini itakuwa imenyauka pamoja na harufu yake, lakini karafuu itakuwa ingali ikinena.

Watengenezaji wa manukato wanaijua sana siri hii. Ndani ya chupa moja hutia harufu za tabaka tatu, kama sauti tatu katika wimbo mmoja. Ya juu ni nyepesi, kama ndimu, chungwa na mchaichai. Hiyo ndiyo ikupokeayo unapofungua chupa. Ya kati kwa kawaida ni ya maua na viungo. Ya chini ni ya miti, utomvu, vanila na ambari. Hiyo huchelewa kujitokeza, lakini ndiyo ibakiayo nguoni mpaka kesho. Basi kanuni yetu ni nyepesi kushika: wakati wa joto chagua manukato ambayo sauti yake ya juu ina nguvu, na wakati wa baridi chagua yale ambayo sauti yake ya chini ina nguvu. Udi mzito unaomsonga mtu koo mwezi wa Februari, ndio huo huo unaomtuliza mwezi wa Julai.

Sasa tuingie katika uchaguzi. Mwenyeji wa Kidichi hana haja ya kwenda mbali, kwani anakaa katikati ya mashamba ya viungo. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, upande wa mashariki ya mbali. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa vikitawaliwa na Wafaransa, nao ukaipenda ardhi yetu. Katika kila sehemu 100 za karafuu kavu, sehemu 15 hadi 20 ni mafuta, na kwa sababu hiyo punje chache tu hutosha kunukisha sanduku zima la nguo. Mdalasini nao una utamu na ukavu pamoja, na kungumanga ina ukali wa upole. Chukua karafuu kumi, kipande cha mdalasini na kipande cha kungumanga, vifunge katika kitambaa safi, ukiweke katikati ya mashuka. Usiku utakapojifunika utayajua manufaa yake.

Vanila nayo inamea katika mashamba yetu, ikipanda juu ya miti mingine. Harufu yake ni ya joto na ya upole, kama ya maziwa yaliyotiwa sukari, na haipotei upesi. Vijana wa shule wakumbuke ya kuwa njia nyepesi ya kulichavusha ua la vanila kwa mkono, itumiwayo hata leo, iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtumwa aliyekuwa mtoto wa miaka 12, jina lake Edmond Albius. Ua lile hufunguka siku moja tu, na asipopita mtu akalichavusha, halizai. Watu wengi walitajirika kwa vanila, lakini Albius mwenyewe alikufa maskini. Anukiaye vanila si vibaya akamkumbuka.

Katika maua, asumini na waridi ni mazuri majira yote, lakini kwa usiku wa kipupwe langilangi inayapita. Ni ua la manjano lenye harufu nzito, na nguvu yake huzidi giza linapoingia. Vikuba vya asumini na mkadi ni pambo zuri la jioni, lakini ukitaka harufu idumu, vifukize kwanza nguo utakazovaa, kisha ndipo uvae kikuba chako.

Hapo tumefika kwenye udi na ubani. Ubani ni utomvu wa miti imeayo katika nchi ya Somalia na katika Dhofar, kusini ya Oman. Mti ukichanjwa hutoa machozi, na machozi yakikauka huwa ubani. Udi hutoka katika miti ya Bara Hindi na nchi za mashariki yake. Mti ule ukiwa mzima hauna thamani kubwa. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na sehemu ile iliyougua ndiyo inayouzwa kwa bei kubwa. Zamani bidhaa hizi zilikuja kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, nayo yakarudi kwao kwa kusi. Ndugu zetu wa Muscat, ambao baridi yao ni ya Desemba hadi Februari, hufukiza udi na ubani wakati ambao sisi huku tunajipepea.

Kwa kuwa udi ni ghali, wajanja ni wengi. Vipande vya mti wa kawaida hupakwa rangi na mafuta, vikauzwa kwa jina la udi. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji mwenye kukuharakisha mwogope. Mwombe akuwekee kipande kidogo juu ya kaa, ungoje. Udi wa kweli hutoa mapovu ya utomvu, na harufu yake hubadilika polepole. Mti uliopakwa mafuta hunukia mara moja, kisha hunuka moshi wa kuni. Usione haya kununua udi wa kupika, ule unaotengenezwa nyumbani kwa sukari, vipande vya miti na mafuta mazuri. Akina mama wa Unguja ni mafundi wa kazi hiyo, na bei yake ni nafuu.

Ukienda Darajani kununua manukato ya chupa, usinuse mdomo wa chupa ukatoa fedha papo hapo. Utakuwa umeisikia sauti ya juu peke yake. Tia tone moja kifundoni mwa mkono, ufanye shughuli zako nyingine kwa muda wa saa moja, kisha nusa tena. Ile utakayoisikia sasa ndiyo utakayokaa nayo. Tena usijaribu aina zaidi ya tatu kwa siku moja, maana pua huchoka kama miguu.

Namna ya kutumia nayo ina adabu yake. Kwanza ni maji. Hapo Kidichi lingalipo hamamu alilolijenga Seyyid Said mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe aliyekuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, na kuta zake zimenakshiwa maua na ndege. Kila aliyejenga nyumba ya kuogea yenye maji ya moto alijua ya kwamba mwili safi, wenye joto, ndio unaopokea harufu vizuri; manukato juu ya jasho ni kupaka chokaa juu ya ukuta mbovu. Ukisha kuoga, paka mafuta kidogo shingoni na vifundoni, mahali penye joto la damu. Wakati wa baridi mafuta hukaa kuliko marashi ya spiriti. Kanzu nyeupe usiipake mafuta, kwani hutia doa. Ifukize, au tia tone moja katika kile kishada cha shingoni, kama wafanyavyo Waomani. Na kipimo chake ni hiki: akukaribiaye akusikie, lakini apitaye njiani asikusikie. Mafuta safi ya karafuu nayo yana sharti lake, maana huchoma ngozi. Tone moja lichanganye na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi. Chupa yake iwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto akiyanywa, hata kidogo, huweza kupatwa na madhara makubwa.

Na sasa, wasikilizaji wangu, nasogea kwenye jambo la tatu, nanyi nisikilizeni vizuri. Wakati wa kipupwe watu hufunga milango na madirisha. Mzazi aliye katika siku zake arubaini hulazwa ndani pamoja na kitoto chake, na kwa mapenzi ya jamaa huletewa chetezo chenye makaa, udi na ubani, mara ili wanukie, mara ili chumba kipate joto. Desturi ya kufukiza ni nzuri, wala sikuja kuivunja. Lakini makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Tafadhalini lipimeni neno hilo. Pua ya bibi mmoja wa Unguja hutambua udi wa thamani na udi wa hila akiwa bado yuko mlangoni, lakini hewa hii haitambui kamwe. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo mara 200 ile ya hewa safi tunayoihitaji, na hivyo huinyang'anya damu kazi yake. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito humchukua. Watu hudhani amepumzika vizuri, kumbe anakufa.

Wengi hudanganyika kwa jivu. Husema, "Makaa yamekwisha kuiva, moshi hakuna, basi hatari imekwisha." Sivyo. Hata kaa lililovaa jivu huendelea kutoa sumu ile maadamu lina moto ndani yake. Kwa hiyo yashikeni haya. Makaa yawashwe nje. Kufukiza kufanyike mlango na dirisha vikiwa wazi, kwa dakika chache. Nguo zitandazwe juu ya tenga lililofunika chetezo, barazani au uani, na mtu asiondoke akaliacha tenga peke yake, lisije likashika moto. Kitoto kichanga, na mwenye pumu, wawe chumba kingine mpaka moshi utoke, kwani moshi wenyewe, hata ukinukia, huwadhuru kifua. Na kabla ya mtu wa kwanza kulala, chetezo kitoke nje ya nyumba, hata kama ndani yake limebaki kaa moja. Akionekana mtu ameumwa kichwa na kulegea katika chumba chenye makaa, atolewe nje penye hewa mara moja, akapelekwe hospitali bila kungoja kupambazuke.

Je, chumba cha mzazi kisinukie? La, kinukie. Chemsheni jikoni sufuria ya maji yenye mdalasini, karafuu, iliki na majani machache ya mchaichai. Ikisha kuchemka, ondoeni motoni, ileteni chumbani imefunikwa, muiweke juu ya meza mahali ambapo mtoto haufikii mkono, kisha fungueni kifuniko. Mvuke utajaza chumba harufu njema, moshi hakuna, sumu hakuna, na gharama yake ni ndogo. Baridi ya mwili iondolewe kwa shuka na nguo, si kwa makaa.

Kwa ufupi, mabibi na mabwana, wakati wa kipupwe chagueni harufu nzito zenye kudumu, msizipime kwa bei bali kwa saa moja ya subira, mzitumie kwa kiasi, na moto wake mlale nao mbali. Harufu njema ni heshima ya nyumba, na heshima hiyo hutimia asubuhi, waliolala ndani yake watakapoamka wote.